Maziwa Yasiyonuka Shombo

Nyumba ya Mbok Sarpi, nje kidogo ya Rembang, mji wa pwani ya Java, hubanika samaki kila siku isipokuwa Ijumaa. Anayekaa mbele ya tanuri ni Wartini, mke wa mwanawe: anapanga vipande vya jodari kwenye wavu, anachochea makumbi ya nazi, anageuza.

Tangu ajifungue, Wartini hakuruhusiwa kuonja hata mwiba. Samaki, mayai, nazi, chochote cha kukaanga, marufuku, maziwa yasije yakanuka shombo. Alikula wali, chumvi na majani ya kuchemsha. Mimi ni jirani yao, na mwiko huo tunao wengi huku kwetu, ila Mbok Sarpi aliung'ang'ania kwa meno.

Kila asubuhi alimkamua Wartini maziwa kidogo kwenye glasi, akanusa, akaiacha juu ya kabati mpaka mafuta yapande. Siku za mwanzo maziwa yalikuwa ya manjano, mafuta yake haba. Mwezi wa pili utando mweupe ulifika unene wa ukucha. Mwezi wa tano, unene wa kidole. Ndivyo maziwa ya mama yalivyo, huzidi mafuta kadiri miezi inavyokwenda, na mafuta hayo yasipotoka sahanini yatatoka kwingine. Ya Wartini yalitoka mapajani. Huko yalipokwisha yakatoka nyongani, pamoja na kidoti cheusi alichozaliwa nacho. Kidoti kilikutwa kinaelea kwenye glasi. Mbok Sarpi akamnywesha mtoto kwa kijiko, na kesho yake kidoti kikawa shavuni kwa mtoto. Akasema kimempendeza.

Mwezi wa saba moto wa tanuri ulionekana kupitia viganja vya Wartini. Wa nane, upepo ulimwinua kwenye kigoda ukamleta uani kwangu. Nilimrudisha kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika beseni la nguo. Mumewe, Kasdi, akamfungia jiwe la kusagia pilipili kwenye pindo la nguo, akarudi kwenye pikipiki yake. Nilikuwa na la kumwambia, lakini nani kaniuliza?

"Mama, nipe hata mkia," Wartini alimwambia mkwewe siku hiyo.

"Ukishamwachisha utakula mpaka useme basi. Umebaki mwaka na miezi minne tu, mwanangu. Sote tumepita humo."

Mwezi wa tisa tulikwenda kupima watoto kwenye ukumbi wa kijiji. Mkunga akamtia mtoto kwenye mfuko wa mizani: kilo kumi na nusu. Kina mama wakapiga makofi, wakampongeza Mbok Sarpi kwa malezi.

"Dada, nipime na mimi," Wartini akasema.

Akalifungua jiwe pindoni, likabaki sakafuni, akaingia mfukoni mwenyewe. Mshale haukusogea. Mkunga akagonga kioo cha mizani, akaona mizani ni nzima, akaigeuza kadi ya ukuaji ya mtoto mbele na nyuma.

"Hapa pana mstari wa mtoto tu," akasema, na alisema kwa upole. "Na huu wa mwanao unapanda kuliko wote."

Zawadi ya mtoto mzito kuliko wote ilikuwa kidumu cha mafuta ya kupikia. Alikipokea Mbok Sarpi, maana Wartini hakuweza tena kushika kitu kizito.

Mchana huohuo jodari alikaangwa kwa mafuta yale, majirani tukaitwa. Nilikula, sikatai. Wartini alikuwa akielea juu, mgongo umegusa paa, mtandio umefungwa kwenye kifundo cha mguu wake na ncha ya pili kwenye mguu wa meza. Anatazama sahani. Roho ikaniuma, nikamnyooshea kipande. Mbok Sarpi akaushusha mkono wangu kwa adabu, akakirudisha kipande sahanini.

"Usimwonjeshe, jirani. Mtoto atakataa ziwa."

Mtoto alipolia, Kasdi aliuvuta mtandio taratibu, akamshusha mkewe mpaka mkekani, mtoto akanyonya hadi akasinzia. Kisha Kasdi akaulegeza mtandio mkewe apande tena, akanawa mikono, akaomba aongezewe samaki.