Haki Iliyochotwa Ndooni

Ilimchukua Mwalimu Pelagia wiki tatu kuipanga haki ya mbio zile, na Mwenyekiti Theonest robo saa kuivuruga, tena kwa makofi ya watu.

Zilikuwa mbio za ramani na dira, za kupokezana, kwa timu nne za wasichana wa sekondari: Bariadi mjini, Dutwa, Mwamapalala na Lagangabilili. Kila timu ilikuwa na wakimbiaji watatu. Mkimbiaji alipewa ramani, akavitafuta vituo vilivyofichwa kati ya mawe ya vilimani, mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa na njia za ng'ombe ziendazo lambo, kisha akarudi kumgusa mwenzake bega ili naye atoke. Ubaya wa mbio za namna hii ni kwamba wote wakipewa njia moja, mmoja husoma ramani na waliobaki husoma kisogo chake. Ndiyo maana Pelagia alichora njia tatu: A ya kilomita tatu na nusu, B ya kilomita nne, C ya kilomita tano. Timu moja ingeanza na A, nyingine na C, jirani asijue jirani yake anaelekea wapi. Lakini mwisho wa mbio kila timu ingekuwa imezikimbia zote tatu, kilomita kumi na mbili na nusu, bila kuzidi wala kupungua. Orodha ya mpangilio huo aliifunga katika bahasha, kwani ikijulikana mapema, mbio zimekwisha kabla ya filimbi.

Bahasha ndiyo iliyoleta nongwa. Pelagia alikuwa pia mlezi wa timu ya Dutwa, kwa sababu hakupatikana mwingine aliyejua kuchora njia hizo, na asubuhi ya mbio mzazi mmoja wa mjini, Novatus, aliuliza mbele za watu ni siri gani hiyo inayofungwa kwa gundi.

"Mwamba ngoma," alisema, "ngozi huvutia kwake."

Watu wakacheka. Theonest, ambaye katika miaka yake yote ya kuongoza kamati ya mashindano hakuwahi kusikia kicheko cha umma asikitii, aliichukua bahasha, akaichana bila kuisoma, akaagiza ndoo.

Vikaandikwa vikaratasi kumi na viwili, vinne kwa kila herufi, vikakunjwa, vikatiwa ndooni ili kila msichana achote chake. Pelagia alimwendea mwenyekiti na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba kura ingefaa kuamua timu ipi ichukue mpangilio upi, si kumgawia kila mkimbiaji peke yake, maana hapo timu moja ingeweza kuangukiwa na njia ndefu mara mbili, hata tatu. Theonest alimjibu kwa sauti ya juu, ili na wengine wafaidike, kwamba viwanja hugawiwa kwa kura, vizimba vya soko hugawiwa kwa kura, na hajapata kusikia ndoo iliyopokea rushwa.

Yakapigwa makofi. Hoja ile haikuwa na jibu, kwa kuwa haikuwa hoja.

Dutwa walichota A, A na B: kilomita kumi na moja. Mwamapalala walichota C, C na B: kumi na nne. Milembe, mkimbiaji wa mwisho wa Mwamapalala, aliingia uwanjani dakika nne tu baada ya Gloria wa Dutwa, miguu imechanwa na miiba. Gloria alibebwa juu juu, maana timu moja tu ndiyo ingekwenda Tabora kwenye mashindano ya kanda. Milembe alipewa maji na kuambiwa ajitahidi mwakani.

Neno hilo la kujitahidi lilimchoma Pelagia kuliko makofi. Timu iliyoongezewa kilomita tatu na kushindwa kwa dakika nne ilikuwa inashauriwa kuongeza bidii.

Aliandika pingamizi. Kamati ilimjibu kwamba pingamizi hupokelewa kutoka kwa walioshindwa. Hakuna kanuni inayomruhusu mshindi kujilalamikia. Akamfuata mlezi wa Mwamapalala, Luhaga, mwalimu wa hesabu.

"Mwadila, mayu," Luhaga alimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu amwamkiavyo mama.

"Mwadila. Hebu jumlisha tano na tano na nne."

"Kumi na nne."

"Sasa jumlisha zetu."

Alijumlisha, na hesabu ilionekana ikimpita usoni.

"Tulichota kwa mikono yetu wenyewe," alisema hatimaye. "Nikilalamika leo nitaambiwa nabishana na Mungu."

"Mungu hakuvikunja vikaratasi vile. Alivikunja Theonest."

Luhaga alicheka kidogo, kama mtu achekaye msibani, lakini pingamizi hakuandika.

Ikabaki fomu ya matokeo, iliyohitaji saini ya mchora njia. Pelagia alikataa kusaini. Theonest, kwa upole wa mtu asiye na kinyongo, alipendekeza jambo hilo nalo liamuliwe kwa kura. Hakuwa anatania.

"Mwenyekiti," Pelagia alisema, "ndoo haikupokea rushwa, nakubali. Lakini haikujua kuhesabu. Ndiyo maana kazi hii nilipewa mimi."

"Madamu, timu yako imeshinda. Unataka nini tena?"

"Nataka ishinde."

Theonest alitikisa kichwa, akasaini mwenyewe, akaandika "kwa niaba". Pelagia aliivuta fomu. Katika nafasi ya maoni, ambayo kwa desturi huandikwa "mashindano yalifana", aliandika majina ya timu nne na mbele ya kila jina kilomita zake. Chini yake akaongeza kwamba mpangilio wa mchora njia ulichanwa na kwamba mbio zirudiwe, akaweka saini. Theonest alilalamika kwamba fomu imechafuliwa, na nyingine hana.

Gloria alikuja kuuliza safari ya Tabora ni lini. Pelagia alimwonyesha fomu. Msichana aliisoma, akarudia mstari wa Dutwa.

"Sisi tumekimbia kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Na akina Milembe kumi na nne." Uso ulimwiva. "Kwa hiyo hata sijui kama tuliwashinda."

"Hujui. Na mimi sijui, wala mwenyekiti hajui."

Gloria aliomba kalamu. Akaandika jina lake lote chini ya saini ya mwalimu wake, kwa herufi kubwa, kisha akaenda kuwaita wenzake wawili.