Zana ya Tano

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, dada mwandishi wa programu za kompyuta alifuta kibodi yake kwa kitambaa, akaipuliza, ndipo akaketi taratibu kama anayeogopa kukiumiza kiti. Jumanne hiyo alikuwa hajamaliza hata safu moja ya vitufe, bosi akaingia mbiombio, simu mkononi.

"Jamani, ile ya juzi tuachane nayo! Nimepata zana nyingine ya kuundia programu. Hii ndiyo kiboko yao!"

Dada akaweka kitambaa chini. Zana ya tano!

Kazi yenyewe ilikuwa moja tu: kuiandika upya programu ya maghala, iliyozeeka hadi kompyuta mpya zikaanza kuikataa. Mjomba wake bosi aliiandika peke yake miaka ishirini na miwili iliyopita, naye Ijumaa hii alikuwa anastaafu. Kwa kila zana, dada alijenga skrini ileile ya kupokea mizigo. Mara nne aliijenga, na mara nne mizigo ya Jumamosi jioni ikaingia siku isiyolingana na daftari la wateja. Kila mara bosi alisema zana mbovu, akaenda kutafuta nyingine.

"Mdogo wangu, utatujengea tena ile skrini, eeh?"

"Sawa, bosi." Neno hilo lilikwisha kumchosha ulimi.

Jirani yake wa meza, aliyeitwa Shemeji kwa kuwa kila mtu kwake alikuwa shemeji, akaangua kicheko. "Shemeji, ukifika ya kumi tunakukatia keki."

"Hebu koma!"

Pembeni, Mjomba alikuwa akipanga vitu vyake kwenye boksi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walimpita kama kabati. Jana tu dada alimpelekea chai, akajikaza kumuuliza habari za Jumamosi.

"Ikishapita saa kumi jioni, mzigo unahesabiwa wa Jumatatu," Mjomba alimjibu. "Wenye maghala ndio walioniomba. Sikuandika popote. Mambo ya namna hiyo yako mengi, mwanangu."

"Mengi kiasi gani?"

Mjomba alijigusa paji la uso. "Sijawahi kuyahesabu."

Sasa bosi alikuwa ameegemea meza ya dada, anamwonyesha picha za rangirangi kwenye simu. "Tazama inavyong'aa! Tuanze leo leo. Au unasemaje?"

Dada alifungua kinywa kusema sawa. Badala yake akaisukuma simu pembeni.

"Zana zote ni nzima, bosi," alisema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Hata ile ya kwanza ilikuwa nzima! Chagua yoyote, funga macho uchague. Programu imo kichwani mwa Mjomba, na Mjomba anafunga boksi! Mimi sitaki zana. Nataka nikae naye hizi siku zilizobaki, aniambie kila kitu, na mtu asitusumbue."