Bakuli Lililopakwa Chokaa

Kosa langu lilikuwa barua. Ningetia mguu Pemba bila kumwarifu mtu, mamangu angelipata bakuli lake.

Mamangu, Bi Mwanamize, alizaliwa Konde, akaolewa Mombasa angali kigori, na hakurudi tena. Ilikwisha pita miaka arobaini na miwili, na sasa miguu haikumbeba hata kufika uani. Mwaka huo wa 1959 aliniomba kitu kimoja tu. Nje ya Konde kuna msikiti wa kale uliobaki kuta, na kando yake kaburi la babu yao mkubwa, lenye nguzo ya mawe. Kwenye nguzo hiyo watu wa zamani walipachika bakuli la kaure lenye samaki wawili wa buluu. Yeye na mdogo wake, Mwatum, walikuwa wakipandiana mabegani ili waliguse.

"Niletee picha ya bakuli lile, Soud," aliniambia. "Nilione kabla sijafa."

Nilikuwa nafanya kazi kwa mpiga picha mmoja pale Mombasa. Nikaazima kamera yake, nikanunua filamu moja ya picha nane, nikamwandikia mama mdogo Mwatum kwamba naja kulipiga picha kaburi la babu. Kisha nikashika njia ya Tanga, na Tanga nikapanda boti ya Wete. Nilitapika njia nzima.

Siku tatu zikapita Konde sijaliona kaburi. Kila asubuhi nikitwaa kamera, Jaribu, mtoto wa mama mdogo, ananishika mkono: leo twende kwa mzee fulani, atanuna akisikia tumempita. Nilikunywa chai katika nyumba kumi na saba. Nilihesabu, maana sikuwa na kazi nyingine. Na kila nyumba, wakiiona kamera, watu wanaanza kujiweka sawa kanzu na mitandio.

"Filamu ni ya kaburi," nilikuwa nawaambia, na wao wananywea.

Hata mama mdogo nilimkatalia. Aliniomba picha moja tu, dada yake amuone. Nilimjibu jibu lilelile, naye akasema haya mwanangu, akarudi jikoni.

Siku ya nne tukaenda, sisi watatu, kwa miguu. Tulipotokeza vichakani niliona kitu cheupe kinang'aa, nikadhani mtu kajenga nyumba. Lilikuwa kaburi. Lilikuwa limepakwa chokaa toka chini hadi ncha ya nguzo, mizizi imekatwa, nyufa zimezibwa, pamelainishwa kama ukuta wa duka. Nikaizunguka nguzo mara mbili.

"Bakuli liko wapi?"

"Limo humo ndani," alisema mama mdogo, na uso wake ulikuwa na furaha kabisa. "Lilikuwa na ufa, limejaa ukungu. Ngeni atoka Mombasa na kamera yake, twache babu aonekane katupwa, hana watu? Siku tatu hizi watu wapaka. Ndo maana Jaribu akikuzungusha."

Nilitoa ufunguo mfukoni nikaanza kukwangua. Jaribu akanizuia. "Lilikuwa lachezacheza pahala pake, ndugu yangu. Ukilichokoa lavunjika."

Hapo nikapandwa na hasira, na sioni haya kusema, kwa sababu nilikuwa na haki. Nilipiga kelele juu ya kaburi la babu yangu. Niliuliza nani aliwaomba chokaa. Nilisema nimevuka bahari kuja kupiga picha ukuta mweupe, na kwamba ujinga kama huu sijauona. Mama mdogo alianza kufuta alama za ufunguo kwa kiganja. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa chokaa, na mpaka siku ile sikuwa nimeiangalia.

Nikapiga picha saba za nguzo, huku na huku, nikitafuta japo kivuli cha duara. Ikabaki moja.

"Basi nipige na mimi na babu," alisema kwa sauti ndogo.

Nikampiga ili anyamaze.

Kesho yake alfajiri nilikuwa juu ya gari la kwenda Wete, sijaaga. Gari lilipoanza kuondoka nilimwona mama mdogo anakuja mbio barabarani, kanga inamwanguka, mkononi ana kifurushi kakiinua juu. Nilimwambia dereva akaze mwendo.

Mombasa nilizisafisha picha mwenyewe, nikampelekea mama kitandani. Akazitazama zile saba, moja baada ya nyingine, akaziweka kando bila kuuliza. Ya nane akaisogeza karibu na macho.

"Bibi huyu ni nani?"

"Mwatum."

Akaitazama mpaka nikataka kutoka chumbani. Alipitisha kidole juu ya ile sura, kisha juu ya ile mikono.

"Mwatum wangu mzee hivi," alisema. Machozi yakamtoka, lakini alikuwa anacheka. Akaiweka picha kifuani, na bakuli hakulitaja kabisa. "Haya, niambie. Alisema nini? Namjua Mwatum, hawezi kukuacha uje mikono mitupu. Kakupa nini uniletee?"

Nilianza kuzikusanya zile picha saba, nikazipanga vizuri.

"Hakunipa kitu," nilisema.