Samaki wa Oyaro Wanakufa Jumamosi

Chemutai alikuwa ameshatoka lango la Oyaro nilipokutana naye, sanduku kichwani, sufuria yake mwenyewe imefungwa kwa leso mkononi, anashuka ile njia ya katikati ya majani chai inayotokea barabara ya Kapkatet. Mimi nilikuwa napanda. Njia yenyewe ni nyembamba na michai inakuja hadi kiunoni, lazima mmoja asimame kando ndipo mwenzake apite. Nikasimama.

"Chamgei, mama."

"Chamgei mising, mzee Alfayo. Wewe unakuja na mimi naenda."

"Unaenda wapi na sanduku?"

"Nyumbani. Wanasema nimeua samaki."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Huyu ni mama mtu mzima, mjane, watoto wake wana watoto. Amepika kwa Oyaro tangu nyumba ile ijengwe, na kila mara miguu yangu inaponileta upande huu, chai yake ndiyo huninyoosha mgongo.

"Sumu, mzee. Ati nimetia sumu ndani ya maji. Mama Zack amesema hivyo mbele ya akina mama wa kanisa lake. Sasa niambie wewe uliyetembea kwingi: mpishi akishaitwa mtu wa sumu, nani tena atamfungulia jiko?"

Nilimwomba tu asivuke barabara. Dada yake anakaa pale chini, karibu na banda la kupimia majani chai. Akae huko kwanza, mimi niende nisikie.

"Sikia," akasema, "lakini usikunywe chai ya huko. Amepika yeye mwenyewe leo." Akaweka sanduku lake sawa kichwani, akashuka.

Oyaro na mimi tulijuana ujanani, tukiwa vibarua tunaolala chumba kimoja kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Yeye Mkisii, mimi mtu wa ziwani. Mimi nilichoka mapema nikaenda zangu: Kipkelion, Fort Ternan kwenye miwa, Mombasa bandarini, kisha Kipkelion tena. Yeye alibaki kiwandani kwenye mashine za kukausha majani mpaka akastaafu, akanunua kipande cha ardhi, akajenga. Bahari ameiona mara moja tu, siku ya harusi ya kijana wake Zack anayefanya kazi hotelini huko pwani. Walimpandisha mashua yenye sakafu ya kioo. Watu wengine wakirudi kutoka Mombasa huleta halua. Oyaro alirudi na wazo.

Ndiyo maana pale sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni, kuna tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya chumvi, mawe na mchanga mweupe. Zack alilileta kwa lori, na chumvi yake ya magunia, na hita, kwa sababu baridi ya huku ingewaua samaki wa bahari siku hiyo hiyo. Watu walikuwa wakija kutoka Litein kutazama.

Safari hii nilikuta samaki wawili tu, mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, mwingine wa manjano mtupu.

"Usimtazame hivyo," Oyaro akaniambia kabla sijaketi. "Huyu si wa kukaanga."

"Huyu hata ukimkaanga hatoshi ugali ya mtoto. Wengine wako wapi?"

"Wamekufa. Mmoja mmoja. Na mimi, Alfayo, nimepima kila kitu." Akaanza kunieleza huku akizunguka tangi, kama alivyokuwa akizunguka mashine zake. Chumvi iko sawa. Joto liko sawa. Stima ikipotea, kuna betri. Chakula alibadilisha. Alifikiri ni maji ya mvua kutoka kwenye mabati, akaacha, akawa ananunua maji ya madukani. Zack kwa simu akamwambia apime uchafu wa maji kwa zile karatasi zinazobadilika rangi, akapima, hakuna uchafu.

"Na wanakufa lini?"

"Hapo sasa." Akaketi. "Jumatatu wazima. Katikati ya wiki wazima. Ijumaa wanacheza kabisa. Jumamosi tukitoka kanisani, mmoja anaelea, tumbo juu. Na Jumamosi nani hubaki hapa? Sisi ni Wasabato, wote tunaenda. Chemutai ni wa Jumapili. Anabaki peke yake na hilo tangi."

"Na wewe unaamini?"

"Nimepima kila kitu kinachopimika. Kilichobaki ni mtu."

Mokeira mkewe, ndiye Mama Zack, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. "Aliwaita nyoka," akasema. "Mbele yangu. 'Mama, hizi nyoka zako zimekula?'"

"Shemeji, Wakipsigis wa zamani hawakula samaki; kumwita nyoka kwao ni kama mimi kukuita shemeji. Hana ubaya."

"Na huyo mwingine wa Jumamosi iliyopita? Alikuwa mzima nikimwacha. Alfayo, mimi simchukii. Nimelia. Lakini nifanye nini?"

Kweli macho yake yalikuwa mekundu.

Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kwa Wasabato ni siku ya maandalio. Kila kitu kiishe kabla jua halijazama: kupika, kufua, kupiga pasi, kusafisha nyumba. Tena tangu mvua ianze, majirani wa kanisa lao walikuwa wanakuja hapo kwa Oyaro kila Ijumaa jioni kufungua Sabato kwa nyimbo na maombi, maana nyumba yake ndiyo kubwa. Kwa hiyo Mokeira hakukaa. Alisukuma viti ukutani, akapiga magoti, akaanza kupaka sakafu polishi nyekundu. Kazi hii hakumwachia Chemutai hata siku moja. Nyumba ya kupokea Sabato aliipiga polishi mwenyewe. Aliichanganya na mafuta taa kidogo ili itembee vizuri, akapaka chini ya meza, nyuma ya viti, hadi chini ya tangi, akasugua mpaka ukiinama unajiona. Mvua ikaja kama kawaida yake baada ya saa sita. Madirisha yakafungwa.

Oyaro naye alimwaga nusu ya maji ya tangi akaweka mengine aliyokuwa ameyachanganya kwenye pipa. "Kama kuna sumu, imetoka," akasema.

Jioni watu wakaja, wakavua viatu mlangoni kwa heshima ya sakafu ile, wakaimba. Waliimba vizuri. Mimi nilikaa pembeni karibu na samaki, na kitu fulani kilinisumbua ambacho sikukijua. Safari ya mwisho nilipolala kwa Oyaro, lile tangi lilikuwa likinguruma kama paka aliyeshiba. Sasa lilikuwa kimya. Mapovu yalipanda kama kawaida, ila sauti haikuwapo. Nikasema moyoni, labda ni masikio yangu, yamezeeka.

Walinitandikia hapo hapo sebuleni, kwenye kochi.

Asubuhi niliamka na kichwa kizito kama mtu aliyekunywa, na jana yote nilikuwa nimekunywa chai tu, tena ile ya Mokeira, ambayo Chemutai alisema kweli juu yake. Oyaro alikuwa anafunga tai mbele ya kioo. Mokeira alikuwa na kitambaa chake cheupe cha kanisani na Biblia kwapani. Nikageuza shingo. Samaki wote wawili walikuwa juu kabisa ya maji, midomo nje, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga.

"Oyaro. Njoo."

Akaja, tai imening'inia upande mmoja.

"Hawajafa bado," nikasema. "Lakini tazama. Na leo Chemutai yuko wapi?"

Mokeira akajibu haraka, "Sumu inaweza kubaki kwenye mawe."

"Maji nilibadilisha jana," Oyaro akasema polepole. "Walikuwa wazima nikienda kulala."

"Basi ni huyu mgeni wako! Unamlaza mtu wa ziwani na samaki chumba kimoja, ulitegemea nini?" Mokeira alisema hivyo kwa utani, lakini aliibana Biblia kwapani.

"Shemeji, mimi mwenyewe naumwa. Kichwa kinanigonga toka niamke. Nimelala na hawa, nimevuta hewa moja na hawa." Nikasikia maneno yangu mwenyewe. "Oyaro, samaki hawa wanapata hewa wapi?"

"Kwa pampu. Inavuta hewa ya hapa nyumbani inasukuma ndani ya maji."

"Na pampu iko wapi? Zamani ilikuwa pale juu kwenye msumari, inanguruma."

Oyaro akatazama ule msumari. Ulikuwa mtupu. Akamgeukia mkewe.

"Niliishusha mimi," Mokeira akasema. "Nyimbo zilipoanza kuimbiwa hapa. Mzee wa kanisa akiomba, ile kitu inanguruma juu ya kichwa chake. Niliona haya. Nikaiweka chini nyuma ya kochi, nikaifunika."

Oyaro akavuta kochi, na mimi juu yake. Akafuata mpira mwembamba kutoka kwenye tangi kwa vidole vyake mpaka sakafuni. Pampu ilikuwa hapo, imeviringishwa kwa kitambaa cha zamani cha kichwa, na kitambaa chote upande wa chini kilikuwa chekundu kwa polishi. Akachomoa ncha ya mpira kutoka majini, ikawa inapuliza, akaiweka chini ya pua yake. Kisha akampa mkewe.

Mokeira alinusa. Akanusa tena. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ile ni harufu ya nini, nyumba nzima ilikuwa inanukia hivyo, ila pale kwenye mpira ilikuwa kali hadi macho yanatoa machozi. Nikainama nikatazama maji kutoka upande wa dirisha. Juu yalikuwa na utando mwembamba wenye rangi rangi, kama maji ya barabarani lori likishapita.

"Kila Ijumaa," Mokeira akasema. Akaketi juu ya mkono wa kochi. "Kila Ijumaa mimi, kwa mikono yangu."

Nje majirani walikuwa wanapita kwenda kanisani, mmoja akapiga hodi. Oyaro alibaki amesimama na pampu, maana kazi ni kazi na Sabato ni Sabato, na yeye ni mtu wa kuishika. Mkewe ndiye aliyenyanyuka kwanza.

"Yesu mwenyewe aliuliza juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato," akasema. "Fungua madirisha. Baba Zack, toa tai."

Pampu tukaitoa nje barazani, mpira ukapitia dirishani. Ule utando tukaunyonya kwa karatasi za gazeti, tunalaza karatasi juu ya maji, tunainua, tunatupa. Maji ya pipa yaliyobaki tukamimina taratibu. Baridi ikaingia, tukavaa makoti ndani ya nyumba. Yule wa manjano hakungoja, alilala ubavu juu ya mchanga, akafa. Yule wa rangi ya chungwa alikaa juu akihema muda mrefu, kisha akashuka kidogo, kisha akajificha nyuma ya jiwe lake, na Oyaro akatoa pumzi iliyosikika hadi jikoni.

Mokeira hakukaa kutazama hayo. Alikuwa ameshavaa viatu. "Alfayo, unajua alikokwenda?"

Tulishuka pamoja ile njia. Penye banda watu walikuwa na magunia yao ya majani wanangoja kupima, na Chemutai alikuwa ameketi juu ya sanduku lake anamsaidia dada yake kuchambua majani. Alituona, hakusimama.

Mokeira aliongea kwa sauti, kila mtu asikie, nadhani alikuwa ameamua hivyo njiani. "Chemutai, samaki amekufa tena na wewe hukuwako. Ni polishi yangu. Niliweka pampu chini. Nilikusingizia sumu, na haikuwa sumu yako, ilikuwa yangu. Nisamehe."

Watu wote wa banda wakageuka. Chemutai akamtazama.

"Mama Zack, yale ya sumu uliyasemea wapi?"

"Nyumbani. Mbele ya akina mama wa Ijumaa."

"Basi urudi ukayaseme huko. Hawa wa hapa walikuwa hawajasikia. Sasa ndio wamesikia."

Mwanaume mmoja mwenye gunia akaangua kicheko, na wengine wakamfuata, hata dada yake. Mokeira alifunika uso kwa kile kitambaa cheupe. Nilipoona mabega yake yanaruka sikujua kama analia au anacheka, mpaka Chemutai alipomsogezea nafasi juu ya sanduku na kumwambia aketi, asisimame kama polisi.

Ijumaa iliyofuata Mokeira alisema tena, mbele ya watu wale wale waliosikia mara ya kwanza, kabla wimbo haujaanza. Chemutai alisimama mlangoni na viatu vyake miguuni, akasikiliza mpaka mwisho. Sakafu siku hiyo haikuwa imepigwa polishi.

Chemutai hakurudi kupika kwa Oyaro. Mmoja wa akina mama wa Ijumaa alikuwa na hoteli nyuma ya hospitali ya Kapkatet, akamchukua, na yuko huko hadi sasa. Mokeira hupiga polishi barazani tu, na huenda kula kwa Chemutai siku za soko. Pampu imerudi kwenye msumari wake, na mzee wa kanisa akiomba huongeza sauti. Zack alileta samaki wengine, mmoja akafa kwa sababu nyingine, waliobaki wazima. Yule wa rangi ya chungwa bado yuko. Oyaro amekuwa mzito wa masikio. Mimi niko Fort Ternan kwa mpwa wangu, mpaka mvua ipungue.