Saa Mia Tatu za Mukeshimana

Barua ya chuo cha Bujumbura cha mafunzo kwa njia ya posta ilisema wazi: anayetaka kufaulu mtihani wa leseni ya uhasibu asome saa mia tatu. Mukeshimana, karani wa ghala la kahawa, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kununua chaki.

Hiyo ilikuwa Januari 1992. Kila alfajiri, baba yake akirudi kutoka msikitini na kukaa kwenye cherehani ya duka lake la ushonaji mtaani Rwezamenyo, Mukeshimana alifungua kitabu kando yake. Kila saa moja ilipoisha, na Jumapili zilikuwa mbili, alichora mstari ukutani. Nje ukungu ulijaa bondeni kama maziwa, vilima vikaelea juu yake. Cherehani ilinguruma taratibu. Tarakimu zikaanza kutembea, zikapita ukurasani zimeshikana mikono, zikashuka bondeni, naye akazifuata ndani ya weupe ule mpaka jua lilipompiga usoni. Akachora mstari.

Kufikia Septemba mistari ilitimia mia tatu.

Jumapili moja alikuja Melchior, mhasibu wa pale ghalani, mtu aliyelelewa Burundi na aliyefeli mtihani huohuo mara mbili kabla ya kufaulu. Aliitazama mistari kwa heshima.

"Dada, hebu nieleze uchakavu wa mali."

Mukeshimana akafungua mdomo. Aliukumbuka ukurasa, hata doa la chai pembeni, hata ukungu wa asubuhi ile. Maana yenyewe hakuikumbuka.

"Na mimi nilikuwa hivyo," Melchior akasema kwa upole. "Nilikaa na kitabu. Sikukisoma."

Alipoondoka, Mukeshimana alilowesha kitambaa, akafuta ukuta mzima. Baba yake akasimamisha cherehani.

"Miezi tisa, mwanangu!"

"Nilikuwa naota, Baba."

Mzee akamsogezea kiti. "Basi nieleze mimi. Nikielewa, chora."

Kuanzia kesho yake akawa anasoma kwa sauti, na baba, ambaye hakuwahi kusomea hesabu za namna ile, akawa anauliza.

"Yaani mashine yangu inapungua thamani hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa msikitini."

Mzee alicheka mpaka mkasi ukamdondoka. Kisha akaigeukia cherehani, akaipapasa shingo kama ya mgonjwa.

Mukeshimana aliomba likizo bila mshahara ili apate muda zaidi wa kusoma. Hata hivyo, siku ya kupanda basi kwenda Bujumbura kufanya mtihani, mistari ya kweli ilikuwa mia na kumi na miwili tu. Chumba cha mtihani kilitazama ziwa, na mwanga wa maji ulicheza darini. Swali la nne lilihusu mashine za kiwanda. Akasikia sauti ya baba yake ikiuliza, akamjibu kwa kalamu, polepole, kama mtu anayezungumza usingizini lakini anajua asemalo.

Majibu yalifika Februari. Alifaulu kwa alama mbili tu juu ya kiwango. Alikaa kwenye ngazi za posta, watu wakimpita. Melchior, alipopewa habari, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Baba alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kununua nyama.