Mtandio Kwenye Chumba cha Moshi

…na radhi iombwe mapema, maana kisa hiki kitasimuliwa vibaya, kitaanzia katikati na kurukaruka kama mafuta kwenye kikaango, kwa sababu mwenye nacho kichwani hana nafasi ya kukaa akakipanga, kasimama kwenye korido ya meli, ghorofa ya sita, kidole gumba kimeshika ncha ya utepe wa gundi uliozunguka mlango, na nyuma ya mlango mashine ya ozoni inanguruma, inakula moshi wa sigara wa siku saba, na pamoja na moshi inakula harufu ya mama yake, dakika ya kumi na moja sasa, bado ishirini na tisa, mtandio wa marehemu umo humo ndani, rafu ya juu ya kabati, kwenye mfuko wa nailoni uliolegezwa fundo, na aliyelegeza fundo ni yeye, aliyewasha mashine ni yeye, aliyebandika utepe ni yeye, na kibao cha USIFUNGUE kakitundika yeye, tena akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama kimekaa sawa, kikawa kimeenda kushoto kidogo, akakinyoosha, fundi bwana, fundi haswa… meli nzima inamwita Pua, hata nahodha, tangu siku ile aliponusa pazia mbele ya watu akasema huyu mgeni alivutia bafuni huku bomba la maji liko wazi, kana kwamba moshi haujui kuogelea, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mgeni alipobanwa akakiri, basi ndiyo ikawa kazi yake, chumba chochote kikinuka anaitwa Pua, aje na siki yake na magadi yake na maneno yake… na huyu mzee aliyeshuka leo asubuhi naye si haba, siku saba kavuta kwa kuziba chini ya mlango na taulo bichi kama mwanafunzi wa bweni, halafu akaweka mkono kifuani akaapa kwamba harufu inatoka kwa jirani, jirani mwenyewe ukuta aliouonyesha, na upande wa pili wa ukuta huo ni bahari… Pua akapangusa kuta na siki, dari pia, watu husahau dari, akatandaza magadi kwenye zulia akayafyonza, akashusha mapazia, akatoa kichujio cha kiyoyozi, cheusi kama sufuria ya shughuli, akatia kipya, na ilipobaki mashine tu akaona, lo, yuko peke yake, mlango umefungwa, mara ya kwanza kwa miezi mitatu yuko peke yake mahali penye mlango uliofungwa, maana kule chini analala na mwoka mikate anayejipaka dawa ya misuli kichwa hadi kisigino, mtu utafungua vipi mfuko kama ule mbele ya dawa ya misuli, ndiyo maana alikuwa akiuzungusha kwenye toroli, chini kabisa, chini ya foronya mpya, mama wa watu kazungushwa korido kwa korido miezi mitatu, aliyekuwa hataki hata kupanda lifti…

Mdogo wake wa kike ndiye aliyeutuma, kupitia kwa wakala wa bandarini, na karatasi ndani, kaka, sijaufua, na Pua alipoisoma alijua maana yake, akakaza fundo mara mbili badala ya kulifungua, akajiambia kesho, kesho ikawa miezi mitatu, maana harufu si kama picha, harufu unaitumia, kila ukifungua inapungua, hivyo ndivyo fundi anavyojua, akawa anaitunza kwa kutoigusa, na leo, kwenye chumba kinachonuka siki, mjinga gani anachagua chumba kinachonuka siki, akanawa mikono mara mbili, akakaa kwenye godoro tupu, akalegeza fundo, na pua bado haijafika mfukoni mlango ukagongwa, msimamizi wa vyumba, na yeye kama mtoto aliyekutwa na sukari akautupia rafuni akafunga kabati, msimamizi akaingia anasema vyumba kumi bado, wageni wanapanda saa saba, hiyo mashine inasubiri nini, na Pua akasema ndiyo mkubwa, na mikono ikafanya kazi bila kumuuliza, swichi, mlango, utepe, kibao, na dakika kumi zikapita akiwa chumba cha pili anatandika shuka na kupiga mluzi, mluzi jamani, ndipo akaukumbuka mfuko… dakika ya kumi na tatu… ni hatua nne kutoka mlangoni hadi kabatini, nne kwenda nne kurudi, mtu anabana pumzi, yeye kwao walikuwa wakishindana kubana pumzi kwenye ndoo ya maji, anaweza, abandue utepe huu tu, aanze upande wa juu, taratibu… na msimamizi huyo anakuja tena, viatu vyake vinajulikana, anasema kitu kuhusu mito ya sponji, mito sita, na Pua anasema ndiyo, mito, ozoni inaingiaje mfukoni kwanza, mfuko ulilegezwa, haukufunguliwa, pengine mdomo umejikunja wenyewe, pengine harufu iliyo katikati ya mkunjo inasalimika, msimamizi anasema na tafadhali mlango huu usifunguliwe kabla ya saa yake, bibi wa chumba cha jirani ana kifua, anaendelea na safari ya pili, hewa ile ikimfikia tutamzika huku baharini, anasema kwa utani, na Pua anacheka kwa utani, na kusema ndiyo mkubwa, na kidole gumba hakijatoka kwenye utepe, msimamizi anakitazama, anauliza kuna nini, anajibu nahakikisha umeshika, na hilo nalo ni kweli, umeshika barabara, huwezi kumlaumu aliyeubandika… viatu vikaenda.

Basi ainuse kwa kumbukumbu, pua gani hii isiyoweza, anafumba macho, anamtafuta, mama, sebuleni kwao, kiti chake cha kamba karibu na dirisha, sabuni ya kipande, sawa, sabuni ipo, nywele zilizopakwa mafuta, zipo kwa mbali, na juu yake… kuna kitu kinafunika, kama mtu kasimama mbele ya picha, anajaribu tena, kiti, dirisha, mvua nje, yeye yuko likizo, mbona likizo zote ilikuwa mvua, au ndivyo alivyokuwa akisingizia ili asitoke kibarazani, wamekaa, kisahani chenye ua pembeni kiko juu ya goti lake, anasimulia ya melini, anaigiza wageni, mzee wa kigugumizi anayeomba taulo, bibi harusi aliyefungiwa chooni, na mama kwenye kiti chake kaukunja mtandio kauweka mdomoni na puani, kama kawaida yake, mabega yanatikisika, anatikisika mpaka kiti kinalia, machozi yanamtoka, na Pua anajua kapatia, hakuna ukumbi duniani kama ule, watu mia nne kwenye ukumbi wa meli hawakuwahi kumcheka vile, na mama anamwashiria kwa mkono ulio huru, "Endelea, baba, endelea tu," hawezi hata kumaliza neno… dakika ya kumi na sita… ndiyo hiyo anayoitaka, harufu ya mtandio ule, kicheko kimo mle, miaka ishirini ya kicheko imo kwenye nyuzi zile na mashine inaila, inaila sasa hivi, bandua, mwanaume, bandua…

Mlango wa jirani unafunguka, si huu, ule wa pili, bibi mwenyewe anatoka, kafunga gauni la kulalia, kashika kitambaa puani, anamtazama Pua aliyeganda na kidole kwenye utepe, na mabega yanaanza kutikisika, Pua anatabasamu, kweli ni kichekesho, mtu mzima kajibandika mlangoni kama tangazo, tayari ulimi unatafuta la kumwongezea, na bibi anatikisika, anashika ukuta, anatikisika, macho yamejaa maji, anapunga mkono kama wa kusema ngoja, halafu kwa sauti ndogo, kitambaa hakijatoka mdomoni, "Samahani, mwanangu. Si wewe. Ni hiki kifua." Anaomba maji. Pua anayachukua kwenye toroli kwa mkono mmoja, chupa, anamfungulia kizibo kwa meno, bibi anakunywa, anashukuru, anarudi ndani, mlango unafungwa taratibu, na korido inabaki ile ile, mashine ile ile inanguruma, kidole gumba kiko pale pale… si wewe, ni kifua… na mdogo wake kwenye simu, siku tatu baada ya mazishi, sauti imekauka, alisema kifua kilimzidi, kaka, daktari aliuliza nyumbani nani anavuta, nikamwambia hakuna, hatuvuti sisi, na Pua kule baharini alisema kweli, hakuna, na hakuona kitu, mtu anayejua moshi umepitia dirisha gani hakuona kitu… mtandio, mtu hauweki puani ili kucheka, watu hucheka mdomo wazi, mama mwenyewe kwa wengine alikuwa akicheka mdomo wazi, jino la pembeni linaonekana, kwa shoga zake, kwa binti yake, redio ikisema upuuzi, kwa Pua tu ndiyo mtandio, kichujio, miaka ishirini, kichujio kisichobadilishwa, na harufu iliyomo mle, kama ipo, pua yake yenyewe ingeitambua kabla mfuko haujamaliza kufunguka, aina gani, dirisha gani, ingeitangaza mbele ya watu… dakika ya kumi na tisa, na kidole hakibandui, hakiachi… na yeye pale sebuleni, bingwa, mchekeshaji wa familia, akiona mabega ya mama yake yanavyotikisika, anasema moyoni leo nimepatia, anaongeza kichekesho kingine, na anawasha sigara nyingine.