Redio Inayosikia Tu

Mwizi wa kuvunja dirisha ana afadhali. Huyo unajua kabisa kakuibia, unapiga kelele, majirani wanatoka na fimbo. Lakini mwizi anayekukaribisha sebuleni, akakuuliza hali ya mzee, akakuita mwanangu, kisha akakubebea mzigo mpaka barabarani, huyo unamshukuru. Fundi alimshukuru. Tena kwa mikono miwili, na mpaka leo akiikumbuka ile shukrani anatamani kuifumua kama mshono uliokwenda kombo.

Huyu Fundi ni fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye chumba cha kushonea mbele ya nyumba ya baba yake. Baba naye alikuwa fundi wa nyaya za simu enzi za nguzo za mbao. Siku moja akaanguka kutoka juu, nyonga ikavunjika, na wenzake wakambandika jina la Nguzo, utani ambao yeye aliupenda kuliko walioutunga. Miguu ikamkatalia, ila mdomo haukumkatalia. Akasoma, akafanya mtihani, akapata leseni ya redio ya kuongelea. Si redio ya kusikilizia habari na nyimbo, la. Hii ina maiki na kitufe: unabonyeza, unasema, unaachia, unasikia. Kila siku jua likianza kupoa, wenye leseni wa miji mbalimbali hukutana hewani, na kikao hicho wanakiita baraza. Wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini wanajuana mpaka kikohozi. Tangu mama afariki, baba hakuwa na kijiwe kingine.

Radi ikaipiga redio yake, ikaiunguza. Baba akanyamaza. Mtu aliyezoea kubishana hata na matangazo ya dawa ya meno, sasa alikula bila kuuliza kimepikwa nini. Fundi akavumilia, akaona hapana. Akauza cherehani yake ya kudarizi, ile ya pili aliyoipata kwa jasho, akasema baba atafutiwe redio nyingine, hata iliyotumika.

Haikuhitaji kutafutwa, ilijileta. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walishasema wakachoka. Habari zilipomfikia mmoja wa wale wa barazani, akapiga simu mwenyewe: anayo redio, safi kabisa, anaiuza kwa sababu ana mbili na mtu ana mdomo mmoja. Alikuwa anakaa upande wa pili wa mji uleule. Wote walimwita Asali kwa ile sauti yake, maana hata akikusomea bei ya misumari utadhani anakubembeleza ulale.

"Asali ni mwenzetu," baba akasema. "Mtu wa hewani hamdanganyi mwenzake. Lakini utaratibu ni utaratibu." Akampa binti yake balbu ndogo iliyofungwa kwenye kipande cha waya. "Mama, ukifika, chomeka hii nyuma ya redio, pale pa antena. Bonyeza kitufe, upige mluzi kwenye maiki. Balbu ikiwaka, redio inasema. Isipowaka, hata kama inaimba, rudi nyumbani."

"Mimi nikapige mluzi kwenye nyumba ya watu, baba?"

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa unawapigia mbuzi wa jirani. Leo umekuwa malkia?"

Basi Fundi akaenda. Sebule ya Asali ilikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vyeupe, na mezani redio ilishawashwa inamsubiri. Na ilikuwa inasikia, jamani. Sauti za watu wa mbali zilitoka kama wamekaa chumba cha pili. "Hii inasikia mpaka sindano ikidondoka," Asali akasema, akakizungusha kifundo cha kutafutia mawimbi taratibu kwa kidole kimoja, "nakupa wewe kwa sababu ya mzee tu. Mwingine nisingempa." Mkewe akaleta chai. Fundi akasikiliza, akaridhika, akatia mkono kwenye mkoba akaitoa balbu.

Asali akaiangalia ile balbu, halafu akamwangalia yeye, na usoni ikamwingia huzuni ya mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

"Mwanangu, hiyo ni ya kupimia wezi," akasema polepole. "Mimi na baba yako ni ndugu. Antena yangu nimeishusha juzi, hapo inasikia kwa waya wa muda tu, sasa unabonyeza uongee na nani? Lakini kama mzee ndivyo alivyoagiza, haya. Chomeka. Piga huo mluzi."

Mke wa Asali amesimama na sinia. Chai ya watu iko mkononi. Mzee wa makamo ya baba yake anamtazama kwa macho ya unyonge. Na yeye, mwanamke mzima, akaze midomo apige mluzi kama mchunga mbuzi. Fundi akaona aibu. Akauzungusha ule waya kwenye balbu, akairudisha mkobani, na hapohapo ndipo alipoibiwa.

Alipofika nyumbani baba aliuliza jambo moja tu. "Iliwaka?"

"Iliwaka, baba."

Neno lilitoka lenyewe, kama wengi wanavyosema nimeshakula.

Jioni ile baba alivaa shati la kutokea, kwa watu wasiomwona. Baraza likafunguliwa na mwenyekiti, muuguzi mmoja mstaafu wa mji wa mbali, mama mwenye sauti ya kuamrisha dawa zinywewe. Akaita majina, wakaitika mmoja mmoja, kila mmoja baba akimchekea kwa furaha. Zamu ilipofika akabonyeza, taa nyekundu ikawaka, akataja jina lake la leseni, zile herufi anazojulikana nazo hewani, akasalimia, akaachia. Mwenyekiti akaendelea na mwingine.

Akarudia. Wakampita tena, wakajadili bei ya mbolea.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Baba akailaumu antena. Akamtuma Fundi juu ya bati kukaza waya, naye akapanda ngazi na gauni lake, akakaza waya usio na kosa. Baba aliposinzia mchana, akaichomeka ile balbu, akabonyeza kitufe, akapiga mluzi. Giza. Akavuta pumzi akapiga mwingine mrefu, mbuzi wote wa utotoni wangekuja. Balbu ikabaki nyeusi.

Akampigia Asali. Ile sauti haikuwa na asali hata ya kulamba. "Ilitoka hapa nzima," alisema. "Nyie ndio mmeiunguza. Na kilichouzwa kimeuzwa, mama." Lile neno mwanangu lilishakwisha. Akakata.

Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wazimu, lakini subiri. Baba alianza kuamini kwamba wanamsikia na hawamtaki. "Wamenichoka," akasema jioni moja, bila hasira, na hilo ndilo lililomkata Fundi maini. "Nilikuwa nasema sana. Hata mama yako alikuwa akiniambia." Fundi akamsihi awapigie simu. Baba akakataa, yeye habembelezi salamu. Kila jioni akawa anakaa mbele ya redio, maiki iko mezani hata haigusi, anawasikiliza wenzake wakicheka.

Mpaka siku mwenyekiti aliposema, "Jamani, Nguzo yuko wapi? Kuna mwenye habari?"

Baba akainuka nusu. Kabla hajaifikia maiki, sauti tamu ikajaza chumba.

"Mwenyekiti, nilikuwa naona uzito kulisema," Asali akasema. "Mzee wetu hali si nzuri. Binti yake alipita hapa kwangu. Sauti imeondoka kabisa, hamtambui mtu. Familia inaomba tusipige simu, tuwaache na mtihani wao."

Kisha mwenyekiti, na sauti yake imelowa, akasema kwamba kesho watamfanyia kama wanavyofanyiana siku zote. Wana desturi yao: mwenzao akiondoka, jina lake huitwa kwa mara ya mwisho, kisha hakuna anayebonyeza kitufe. Wanaiacha hewa tupu, wanamsikiliza asiyejibu. "Tusisubiri mauti," mwenyekiti akasema. "Kama sauti imeondoka, tumuage angali anaweza kutusikia."

Mtu kauza kitu kibovu, sawa, dunia ina wengi. Lakini huyu aliona akiulizwa-ulizwa ataumbuka, akaamua bora mzee wa watu afe mdomoni mwake. Fundi akazitema pini alizokuwa amezibana midomoni. Akapiga magoti palepale.

"Baba, balbu haikuwaka. Sikuichomeka hata. Aliniambia balbu ni ya kupimia wezi, nikaona haya, nikakudanganya."

"Kwa hiyo hawakunichoka," baba akasema.

"Hawajakusikia hata siku moja. Baba, nampigia mwenyekiti sasa hivi."

"Weka simu. Wananiaga hewani, nitawajibu hewani. Kamuulize jirani kama pikapu yake ina mafuta."

Jioni ya pili yake jirani aliegesha pikapu mbele ya nyumba ya Asali. Fundi alimshika baba kwapani upande mmoja, gongo upande wa pili, na kwa mkono wake mwingine ameikumbatia ile redio. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, baraza limeshaanza, na Asali alikuwa na zamu yake.

"Nguzo alikuwa kaka kwangu," alisema. "Alikuwa mtu wa haki. Alikuwa akinishauri." Akajikohoza kidogo. "Na kwa kuwa tuko hapa, mwenyekiti, niwakumbushe wenzangu kwamba ninayo redio nyingine ya kuuza. Safi. Inasikia mpaka sindano ikidondoka."

"Umeisikia hiyo 'alikuwa'?" Fundi akanong'ona, meno yameumana.

"Nimeisikia," baba akasema. "Twende, kabla sijazikwa."

Mke wa Asali ndiye aliyefungua mlango. Alipomwona mzee aliyekuwa akiombolezwa ndani, akashika kichwa, akarudi nyuma kuwapisha. Asali akageuka na maiki mkononi.

Fundi akaitua redio mezani kwake, kati ya vile vitambaa vyeupe, akaichomeka kwenye umeme wake. Balbu nyuma, kitufe, mluzi. Aliupiga ule mluzi mbele ya mwenye nyumba na mkewe na jirani mlangoni, mrefu wa kutoboa masikio, wala haya hakuona. Balbu haikutoa hata cheche.

"Haya mambo yanazungumzika," Asali akaanza. "Mzee, karibu ukae, mama lete chai—"

"Chai yako nilishailipia," Fundi akasema. "Mpe baba maiki."

"Haiwezekani, sasa hivi wana—"

"Mpe mzee maiki," mkewe akasema. Asali akamtazama mkewe, akaona pale hana mtu. Akaitoa.

Redioni mwenyekiti alikuwa ameshaanza. Akaliita jina la leseni la baba, herufi moja moja, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. "Nguzo, Nguzo," akamalizia, "wenzako tunakusikiliza."

Hewa ikawa tupu. Miji yote ile, watu wamekaa mbele ya redio zao, hakuna aliyebonyeza. Fundi alimwona baba ameinamisha kichwa, machozi yanamshuka, anausikiliza msiba wake mwenyewe. Akadhani atashindwa.

Baba akabonyeza. Akataja jina lake lote, bila kuacha herufi. "Nipo," akasema. "Naongea kutoka kwa Asali, kwa redio yake, maana hii aliyoniuzia inasikia tu, haisemi. Nimekuwa nikiwasikia kila jioni. Nimemsikia mpaka aliyeninyang'anya sauti. Na hiyo nyingine anayoitangaza, anayeitaka aje na balbu. Akiambiwa balbu ni ya kupimia wezi, basi ndipo aichomeke."

"Mzee," Asali akanong'ona, amemwinamia sikioni, "haya si tungeyamaliza pembeni?"

Kidole cha baba kilikuwa bado kipo kwenye kitufe. Kila mji ulisikia.

"Pembeni nimekaa vya kutosha," baba akasema, akaachia.